Kadi tupu, data za kupitiliza: kisa cha mnara wa Mufindi

Kadi iliyoletwa ilikuwa CompactFlash ya gigabaiti 4, na Windows ilisema haina kitu. Daftari la stesheni lilisema inatakiwa kuwa na siku 48 za vipimo. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba baada ya jaribio la kwanza la kuokoa, data zilizopatikana zilikuwa nyingi kuliko zilizowahi kupimwa, na kwenye grafu zilipendeza.

Mnara wenyewe uko kwenye shamba la chai Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kule ukungu usikotoka mapema. Juu kuna kipima upepo cha mawimbi ya sauti na kichanganuzi cha kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Chini, ndani ya sanduku jeupe, kuna loga ya CR1000, yaani kifaa kinachosoma vihisi na kurekodi vipimo, na moduli ya CFM100 inayopokea kadi. Loga husoma vihisi mara 10 kwa sekunde na kila mara huandika namba 9: upepo wa pande tatu, joto la sauti, kaboni, mvuke, mgandamizo wa hewa, na namba mbili za vihisi kujieleza kama viko salama. Kila namba ni baiti 4, kwa hiyo rekodi moja ni baiti 36, na siku moja ni rekodi 864,000. Kumbukumbu ya ndani ya loga ni megabaiti 4; kwa mwendo huo ingejaa kwa saa tatu na kidogo. Ndiyo maana ya kadi.

Utaratibu wa kutoa kadi ni kubonyeza kitufe kwenye moduli, kusubiri loga imalize kumwaga ilichoshika mkononi, taa iwe ya kijani, ndipo uvute. Tarehe 18 Aprili 2019 kulikuwa na mvua, na kadi ilivutwa bila kitufe. Kilichofuata kilifika kwa WhatsApp kutoka kwa kijana anayetunza stesheni:

"Shikamoo kaka. Kadi imegoma. Nimeichomeka kwenye laptopu mpya ikasema lazima ifomatiwe, nikakubali. Sasa haina kitu. Niirudishe kwenye loga ianze upya?"

"Marahaba. Usiirudishe, na usiichomeke popote tena. Itie kwenye bahasha, andika tarehe juu, nitumie kwa basi la jioni."

Swali lake la mwisho ndilo lililokuwa la hatari kuliko kufomati kwenyewe. Fomati ya haraka haifuti data. Kwenye mfumo wa FAT32 inasafisha jedwali linaloonyesha faili lipi liko wapi, inasafisha saraka kuu, basi. Eneo la data linabaki na baiti zake zilezile. Lakini kadi hiyo ingerudishwa kwenye loga, loga ingeunda faili jipya juu ya lile la zamani na kuanza kuandika megabaiti 31 na ushei kila siku. Hapo hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kulikuwa na bahati nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Kadi hizi hufomatiwa kabla ya msimu kwa laptopu ya zamani ya Windows 7, na laptopu mpya ya Windows 10 ilitumia vipimo vilevile vya kawaida: vifungu, yaani vipande ambavyo mfumo huvigawia mafaili, vya kilobaiti 4. Jedwali jipya likakaa juu ya jedwali la zamani, mahali palepale. Kama mwanzoni kadi ingekuwa imefomatiwa kwa vifungu vya kilobaiti 32, jedwali lake lingekuwa dogo mara nane, na faili lingeanza mapema zaidi kwenye kadi. Nakala mbili za jedwali la vifungu vya kilobaiti 4 kwenye kadi kama hii huchukua karibu megabaiti 8. Za vifungu vikubwa huchukua megabaiti 1 tu. Tofauti hiyo ya megabaiti 7 ingeandikwa sifuri juu ya data, na kwa loga hii hizo ni zaidi ya saa tano za vipimo.

Kadi ya SD ina kile kidude cha pembeni cha kuzuia uandishi. CompactFlash haina. Kwa hiyo kadi ilichomekwa kwenye kompyuta ya Linux iliyozimwa tabia ya kufungua diski yenyewe, na programu ya ddrescue ikatoa nakala kamili, sekta kwa sekta, yaani baiti 512 kwa baiti 512. Sekta mbili zilizofuatana ziligoma kusomeka hata kwa kurudia. Ddrescue iliziandika kwenye orodha yake na kuendelea. Baada ya hapo kadi ilirudi kwenye bahasha, kazi yote ikafanyika juu ya nakala. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiendesha programu za kuokoa faili moja kwa moja kwenye kadi, halafu wanahifadhi matokeo kwenye kadi hiyohiyo.

Programu za kawaida za kuokoa hutafuta picha, video, hati za ofisi, yaani faili ambazo mwanzo wake unajulikana duniani kote. Faili la loga hii si mojawapo. Linaitwa TOB3, na mwanzoni mwake lina mistari sita ya maandishi ya kawaida: jina la stesheni na aina ya loga, habari za jedwali, majina ya vipimo, vizio, namna kila kimoja kilivyochakatwa, na aina ya namba. Baada ya mistari hiyo ni binari tupu hadi mwisho. Kwa hiyo nilichotafuta kwenye nakala ni herufi TOB3 mwanzoni mwa sekta.

Hazikuwepo. Mahali zilipotakiwa kuwa palikuwa na mafaili mawili madogo ndani ya folda iitwayo System Volume Information. Windows tangu toleo la 8 huacha folda hiyo kwenye diski za kuchomeka bila kuuliza mtu. Folda na mafaili yake mawili vilichukua vifungu vitatu vya mwanzo, kilobaiti 12, na chini yake ndipo kilipokuwa kichwa cha faili letu, ile mistari sita. Yaani data karibu zote zilikuwepo, ila karatasi ya kueleza namna ya kuzisoma ndiyo iliyofunikwa.

Hapa inafaa kutazama fremu moja kwa karibu, kwa kuwa ndiyo iliyookoa kazi. TOB3 haimwagi rekodi mfululizo kama mchanga. Inazifunga katika fremu. Kwenye mnara huu fremu ina baiti 1024. Baiti 12 za mwanzo ni wakati na namba ya rekodi ya kwanza ya fremu hiyo. Baiti 1008 za katikati ni rekodi 28 kamili, sekunde 2.8 za upepo. Baiti 4 za mwisho ni mkia, na mbili za mwisho kabisa katika huo mkia ni muhuri: namba ambayo loga huipa faili linapoundwa, ikaiandika kwenye mstari wa pili wa kichwa na kuirudia kwenye kila fremu iliyoandikwa kwa ajili ya faili hilo.

Wakati huhesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1990. Ukikuta baiti 80 D8 D9 36 (kwa mfumo wa namba za kumi na sita) mwanzoni mwa fremu, unazisoma kuanzia nyuma, zinakuwa 920,246,400, nayo ni saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2019. Baiti 4 zinazofuata ni sehemu ya sekunde, kwa hatua za sehemu ya elfu kumi, kwa hiyo 1000 maana yake ni sekunde 0.1. Namba za vipimo vyenyewe zinakwenda kinyume: hizo husomwa kuanzia mbele. Joto la nyuzi 21.5 limeandikwa 41 AC 00 00. Ukilisoma kwa mpangilio wa wakati unapata namba ndogo isiyo na maana, sifuri kwa macho ya binadamu. Mtu anayeandika programu yake ya kusoma faili hizi hujikwaa hapo, akadhani kihisi kimekufa.

Jaribio la kwanza halikuwa langu. Mratibu wa mradi, dada mmoja mwenye haraka na mwenye haki ya kuwa nayo kwa sababu ripoti ilikuwa inadaiwa, alichukua nakala ya kadi, akakata kuanzia fremu ya kwanza inayosomeka hadi mwisho wa nafasi ya faili, na kumpa mwanafunzi wake aisome kwa programu fupi. Wakapata fremu karibu milioni 1.8. Mwanafunzi akachora grafu ya joto na kaboni kwa siku ya mwaka. Mstari ulitoka tarehe 1 Machi ukaenda vizuri, bila pengo, hadi tarehe 29 Aprili.

Kadi ilitolewa tarehe 18 Aprili.

Maelezo yako kwenye programu ya loga. Jedwali la vipimo limepewa nafasi ya rekodi 50,000,000, na loga hutenga nafasi hiyo yote mara tu kadi inapochomekwa, kabla ya kuandika kipimo hata kimoja. Kwa hiyo faili huwa na ukubwa wake wote, gigabaiti 1.8, tangu dakika ya kwanza. Ukubwa wake haukwambii data ni kiasi gani. Nafasi inayotengwa haifutwi. Kilichokuwamo kinabaki mpaka kifunikwe na fremu mpya. Na kadi hii ilitumika mwaka 2018 kwenye mnara uleule, kwa programu ileile, ikiwekwa tarehe 2 Machi. Siku 48 za 2019 zilifunika siku 48 za 2018, na baada ya hapo zikafuata siku karibu 10 za 2018 ambazo hakuna aliyezifunika. Kwa kuwa grafu ilichorwa kwa siku ya mwaka, tarehe 18 Aprili 2019 ikapokelewa na tarehe 19 Aprili 2018, chai ileile, mvua ileile, na jicho halikuona kiungo.

Muhuri uliona. Kwenye fremu zote za 2019 baiti mbili za mwisho zilikuwa 20 96, yaani 38432. Kwenye fremu za mwisho zilikuwa C7 2B, yaani 11207. Mpaka kati yao ulikuwa mkali: fremu hii 20 96, inayofuata C7 2B, na mwaka unarudi nyuma papo hapo. Nilimpigia mratibu, akanyamaza kidogo, akauliza kama tunaweza walau kuzitunza zile siku 10 za 2018. Data za 2018 zilikuwa zimekwisha kubadilishwa na kuhifadhiwa mwaka wake. Tukazikata.

Swali lililobaki lilikuwa kichwa. Programu ya mwanafunzi ilisoma namba, lakini mimi nilitaka data zipite kwenye CardConvert, chombo cha LoggerNet (programu ya kompyuta ya watengenezaji wa loga) ambacho hubadilisha faili zote za mnara huu, ili faili za msimu mzima ziwe za mkono mmoja. CardConvert ina njia ya kutengeneza faili lililoharibika, lakini isipopata kichwa haina pa kuanzia. Tukakiazima. Kadi iliyotangulia, ya Januari na Februari, iliandikwa na loga hiyohiyo kwa programu ileile isiyobadilishwa hata herufi, na faili lake ghafi lilikuwa limetunzwa kabla ya kubadilishwa. Kichwa chake, pamoja na nafasi tupu zilizokijazia, kilikuwa baiti 1024. Nilikikata, nikakibandika mbele ya fremu zetu, kisha nikabadilisha kitu kimoja kwenye mstari wa pili, ambao sasa ulisomeka:

"ts_data","100 MSEC","1024","50000000","38432","Sec100Usec"

Namba ya tano ndiyo muhuri. Kichwa cha kuazima kilikuwa na muhuri wake, 52914, na kama ningeuacha, CardConvert ingekataa fremu zote moja baada ya nyingine na kutoa faili lenye kichwa bila mwili. Namba zote mbili zina tarakimu tano, hivyo urefu wa kichwa haukubadilika. Laiti muhuri mpya ungekuwa na tarakimu nne, ningelazimika kuongeza nafasi moja tupu mwishoni ili fremu zisisogee. Baiti moja ikisogea, hakuna kinachosomeka.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida. Tulichagua kutoa TOB1, binari iliyonyooshwa, moja kwa kila siku, yenye wakati na namba ya rekodi kwenye kila mstari. Kwa maandishi ya TOA5 siku moja ingekuwa karibu mara tatu kwa ukubwa, na kwa mnara unaopima mara 10 kwa sekunde sioni faida yake. Hata hivyo mratibu aliomba siku moja ya TOA5 "aione kwa macho". Aliifungua kwa Excel, akaihifadhi, na sekunde zote za wakati zikageuka kuwa dakika na sekunde bila tarehe, kwa sababu ndivyo Excel inavyopenda kuonyesha wakati wenye desimali. Ilikuwa nakala, hakuna hasara. Excel yenyewe hubeba mistari 1,048,576 tu. Kwa mnara huu hiyo ni saa 29, kwa hiyo si mahali pa kufanyia kazi hii hata ukiipenda.

Sasa uthibitisho. Faili kufunguka hakutoshi, kama zile siku 10 za ziada zilivyoonyesha, wala grafu nzuri haitoshi. Tulikuwa na mashahidi wawili wasiotegemea kadi.

Wa kwanza ni namba za rekodi. Loga haikuwashwa upya tangu Januari, hivyo hesabu iliendelea kutoka kadi hadi kadi. Kadi iliyotangulia iliishia rekodi 47,520,311. Fremu ya kwanza iliyosalia kwenye kadi yetu ilianza na 47,520,620. Zilizokosekana ni 308, sawasawa na fremu 11 za rekodi 28. Kilobaiti 12 zilizofunikwa na Windows ni kichwa cha baiti 1024 na fremu 11. Hesabu hiyo ilipofunga, nilijua hakuna kilichopotea mwanzoni zaidi ya sekunde 30.8, na kwamba fremu zimekaa mahali pake.

Shahidi wa pili alikuwa ndani ya loga. Programu ina jedwali la pili, la wastani wa kila nusu saa, ambalo hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani na halikuguswa na balaa hili. Kijana wa stesheni alilivuta kwa waya na kulituma kwa barua pepe. Kutoka kwenye data zilizookolewa tulikokotoa wastani wa kila rekodi 18,000 na kulinganisha mstari kwa mstari. Zilikubaliana hadi tarakimu ya mwisho au tofauti ya moja kwenye tarakimu hiyo, na hiyo moja si kasoro: jedwali la ndani hutunza namba kwa baiti 2, mfumo wa FP2, ambao hubeba tarakimu nne tu. Zilikuwepo nusu saa chache zilizopishana sana, zote za mvua kubwa. Loga huacha nje ya wastani rekodi ambazo kipima upepo kimejitangaza kuwa kina maji kwenye vichwa vyake; mwanafunzi alijumlisha zote. Tulipochuja kwa namba ileile ya kihisi kujieleza, nazo zikakaa.

Zile sekta mbili zilizogoma zilikuwa za fremu moja. Rekodi 28 zimekwenda, na mahali pake pameachwa tupu. Mwanafunzi alipendekeza kuzijaza kwa mstari ulionyooka kati ya kabla na baada. Kwa joto la kila saa ningekubali, lakini kwa upepo wa wima unaogeuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja, huko ni kutunga.

Mwisho wa faili ndio uliogharimu. Daftari linasema kadi ilitolewa saa 4:20 asubuhi, kwa saa ya loga 10:20. Fremu ya mwisho yenye muhuri wetu inaishia kabla ya 10:17, na kadi iliyofuata inaanzia mbele: namba za rekodi zinaonyesha pengo la 1,932, dakika 3 na sekunde 13. Hizo ndizo loga ilizokuwa imezishika mkononi kadi ilipovutwa. EddyPro, tunayokokotolea mtiririko wa kaboni, kwa kawaida huvumilia upungufu wa asilimia 10 kwa kila nusu saa. Zile 308 za mwanzo ni asilimia 1.7, nusu saa yake ikapita. Hizi 1,932 ni asilimia 10.7. Mratibu aliuliza kama hatuwezi kupandisha kiwango hadi 11 kwa siku hiyo moja. Nusu saa ya 10:00 hadi 10:30 tarehe 18 Aprili imeachwa tupu, na maelezo yake yako kwenye faili la kumbukumbu ya data pamoja na muhuri wa kuazima, wa asili, na sekta zilizogoma.

Stesheni sasa ina kadi tatu zinazozunguka, na kila moja inaandikwa sifuri kote kabla ya kurudi mnarani, kazi ya dakika chache inayofanyika laptopu ikiwa mezani. Kijana hutuma picha ya taa ya kijani kabla ya kuvuta kadi. Laptopu mpya imebaki kwa ajili ya ripoti.